Ndoo Kumi na Mbili za Mchanga

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na hilo lisiwashangaze, kwa maana waliochora ramani yake wote walifaulu mtihani wa jiografia. Inaitwa Shangilia. Mji wake mkuu ni Vigelegele. Watu wake ni wapole, wakarimu, wapenda vyeti. Ukiingia sebuleni kwa Mshangilia utavikuta ukutani ndani ya fremu, kuanzia cha chekechea, na ukikaribishwa chai ni adabu uvisome vyote kwanza ndipo sukari iletwe.

Zamani Shangilia ilikuwa na mitihani kama nchi nyingine. Kulikuwa na kufaulu na kulikuwa na kufeli. Waliofeli walilia, wazazi wao wakalia nao, kisha uchaguzi ukafika na machozi yale yakaonekana kwenye masanduku ya kura. Serikali sikivu haiwezi kuvumilia raia wake walie. Ikaunda tume, tume ikazunguka nchi nzima ikila pilau, ikarudi na taarifa nene kwamba chanzo cha kufeli ni watahiniwa kutojua majibu. Ndipo ikaanzishwa kada ya Wanong'onaji.

Mnong'onaji ni mtumishi wa umma. Huvaa suti ya kijivu na viatu vya raba visivyotoa mlio, hupewa posho ya tangawizi kwa ajili ya koo, na kila chumba cha mtihani kina kiti chake mbele, chini ya picha ya Rais. Mtihani ukianza hukohoa kidogo, hufungua bahasha ya Wizara, akanong'ona jibu la kwanza. Watahiniwa huandika. Hunong'ona la pili. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini asiseme tu kwa sauti, akajibiwa kwa mshangao kwamba huko kutakuwa ni kuwapa watahiniwa majibu, na jambo hilo ni kinyume cha sheria.

Maana msidhani Shangilia haina sheria. Udanganyifu katika mitihani ni kosa la jinai na mtu hufungwa. Sheria yenyewe inaueleza vizuri: udanganyifu ni kuandika jibu ambalo mtahiniwa hakunong'onezwa.

*

Siwema Kombo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo cha Ujenzi, na alikuwa na ugonjwa ambao Shangilia haikuwa na dawa yake. Alisoma vitabu. Hakusoma kwa ajili ya mtihani, hakuna mwenye akili timamu afanyaye hivyo. Alisoma kwa sababu ya Mto Ruvuvi. Kwao kulikuwa ng'ambo hii ya mto na soko lilikuwa ng'ambo ile, na katikati palikuwa na mtumbwi unaovutwa kwa kamba. Baba yake alivuka siku moja kwenda kununua chumvi. Kilichorudi ni koti lake. Tangu hapo, kila mama yake, Bi Mwanahawa, alipojitwisha tenga la mihogo kwenda kuvuka, Siwema hakutia kitu kinywani mpaka amwone tena mlangoni. Alitaka daraja. Hakuna kingine alichokitaka katika dunia hii, na wenzake chuoni walimwonea huruma.

Wiki ya mtihani wa mwisho akapatwa na maumivu ya masikio, yote mawili. Mama yake akamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akayaziba kwa pamba, akamwombea dua na kumsukuma mlangoni. Siwema akaketi chumbani, akamwona Mnong'onaji wao, Bwana Kitwana, akifungua bahasha. Akaona masharubu ya Bwana Kitwana yakipanda na kushuka. Hakusikia hata neno. Kunyoosha mkono asingeweza, kwani kumtaka Mnong'onaji apaze sauti ni kumvunjia heshima mtumishi wa serikali akiwa kazini.

Kwa kukosa la kufanya, akasoma maswali. Wenzake wengi walimaliza chuo bila kugundua kwamba karatasi ile ina maswali upande wa kushoto. Siwema aliyasoma, na akajikuta anayajua. Furaha ikampanda mpaka akaona haya. Swali la saba liliuliza mwaka una miezi mingapi, kwa kuwa Wizara hupenda kila mtihani uwe na swali la kumtuliza mtahiniwa. Akaandika 12. Swali la nane liliuliza: katika zege la nguzo ya daraja, ndoo moja ya saruji huchanganywa na ndoo ngapi za mchanga? Akaandika 2.

Sasa, kule Wizarani, karani aliyekuwa akinakili majibu alipofika la saba aliitwa kwenye keki ya siku ya kuzaliwa ya mkuu wake. Aliporudi, vidole vina sukari, hakukumbuka alikoishia, akaandika jibu la saba mara mbili. Kwa hiyo siku ile, katika kila chumba cha nchi, watahiniwa wa ujenzi waliandika kwamba ndoo moja ya saruji inataka ndoo kumi na mbili za mchanga. Waliandika wote isipokuwa mmoja.

*

Baraza la Ufaulu lilimwita. Mwenyekiti wake, Profesa Mtawali, alikuwa na shahada nyingi kiasi kwamba jina lake lilitangazwa na watu wawili kwa kupokezana, na yule wa pili alipomaliza, wa kwanza alikuwa amekwisha kunywa maji na kupumzika.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Siwema alisema.

"Marahaba. Binti, nani alikupa mbili?"

"Nilisoma, Mheshimiwa."

"Ulisoma wapi?"

"Kwenye kitabu. Kiko maktaba ya chuo."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza maktaba iko upande gani, na katibu akamkumbusha kuwa ni kile chumba wanachowekea viti vibovu.

"Kwa hiyo unakiri mbele ya Baraza," Profesa alisema polepole ili mwandishi amfuate, "kwamba uliingia katika chumba cha mtihani ukiwa na majibu tayari kichwani."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Limeandikwa hilo?"

"Limeandikwa," mwandishi akajibu, akalipigia mstari mara mbili, kwa kuwa hakuwahi kuona jambo zito namna ile.

Siwema akajaribu kueleza. Alisema mchanga ukizidi hivyo zege halishiki, nguzo itaonekana nzima kwa nje na ndani ni kifusi, na siku watu watakapokanyaga juu yake itamomonyoka. Profesa alimsikiliza kwa subira ya mzazi. Kisha akavua miwani.

"Binti yangu, wewe unasema mbili. Taifa linasema kumi na mbili. Tuseme taifa limekosea. Basi wahandisi wote wa mwaka huu wamefeli. Wakiwa wamefeli hawa, waliowanong'oneza wamefeli, na waliowafundisha wamefeli, na mimi niliyetia muhuri nimefeli. Unataka nchi iamke asubuhi haina hata mtu mmoja aliyefaulu? Nani atafungua shule? Nani atamtibu mama yako akiugua?"

Siwema akawafikiria watu waliokuwa wakimtibu mama yake, na vyeti vyao.

Baraza lilikuwa na huruma, na likaweka njia mbili. Ya kwanza ilikuwa gereza. Ya pili, asaini kwamba jibu sahihi ni kumi na mbili na kwamba ile mbili ilitokana na maradhi ya masikio. Hapo atapewa cheti cha daraja la kwanza kama mtahiniwa aliyerudi kundini, na atapangiwa kazi. Profesa akapekua karatasi zake. Kulikuwa na nafasi ya mhandisi msimamizi wa daraja jipya, mahali paitwapo Ruvuvi. Asipoitaka atapewa mwenzake. Daraja litajengwa tu.

Wakamtoa nje kibarazani akafikiri. Huko akamkuta Bwana Kitwana, ambaye aliitwa kama shahidi, amekaa kwenye benchi na chupa yake ya chai ya tangawizi. Akammiminia kikombe.

"Masikio yanaendeleaje, binti?"

"Yamepoa kidogo, baba. Wewe ulijua kwamba ni mbili?"

Bwana Kitwana akatazama huku na huku. Hata akiwa nje ya kazi alizungumza kwa kunong'ona. Koo lilikuwa limezoea. "Nyumba yangu nimejenga kwa mbili," alisema.

"Basi mbona ulinong'ona kumi na mbili?"

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye bahasha. Mimi silipwi kwa kujua, mwanangu, nalipwa kwa kunong'ona." Akanywa chai. "Saini. Ukishakuwa mhandisi daraja liko mkononi mwako. Utachanganya utakavyo, nani atakuona? Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Siwema akayapima maneno yale, akayaona yana akili. Alijiambia atasaini uongo leo ili kesho ajenge kweli. Akaingia akasaini, na wajumbe wakampigia makofi, na Profesa akamwita mwanangu.

*

Ubaya wa mpango ule ni kwamba daraja halijengwi na mtu mmoja. Mafundi wa Ruvuvi walikuwa na vyeti vya mwaka uleule, wapima ardhi walikuwa na vyeti, hata anayepika ugali wa kambi alikuwa na cheti cha ugali. Siku ya kwanza Siwema alisema, "Ndoo moja kwa mbili." Mafundi wakacheka kwa heshima.

"Injinia anatupima," alisema fundi mkuu wao. "Kumi na mbili, injinia. Tulisoma."

Alisisitiza. Saruji ikaisha siku ileile, kwa kuwa Wizara ilileta ya kutosha kumi na mbili tu. Aliandika barua kuomba nyingine, na barua ikarudi imesahihishwa kwa wino mwekundu, alama sifuri, na maneno pembeni: soma swali vizuri. Alipotishia kusimamisha kazi, mkaguzi kutoka Vigelegele alimshika mkono kwa upole, akampeleka ofisini, akamwonyesha ukutani. Pale ndani ya fremu palikuwa na tamko la jibu sahihi la swali la nane, na chini yake saini ya Siwema mwenyewe.

"Nani nimfuate," mkaguzi aliuliza, "wewe, au wewe?"

Nguzo zikapanda. Zilipakwa rangi za bendera, zikapendeza. Siku moja Siwema alichokoa moja kwa ufunguo wa ofisi na mchanga ukamwagika kiganjani mwake, mkavu, laini. Akaziba tundu kwa kidole, akasimama hivyo muda mrefu, na kama ingewezekana angesimama hivyo maisha yake yote.

Mara nyingi alikusudia kumwambia mama yake. Lakini kila alipofika nyumbani alikuta majirani wamejaa, na Bi Mwanahawa anawasimulia habari za daraja. Alimpakulia mwanawe kipande kikubwa cha samaki, akasema baba yako angeliona hili. Siwema alikula samaki yule na aibu yake, akarudi kambini.

*

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Elimu na Ufaulu mwenyewe. Alihutubia kuhusu wivu wa mataifa jirani ambayo hadi leo yana watu wanaofeli. Kisha akatangaza kwamba wa kwanza kuvuka, badala ya kiongozi, atakuwa mwananchi wa kawaida, mama mzazi wa mhandisi, na tenga lake la mihogo kichwani ili picha zipendeze. Viongozi wangebaki ukingoni kivulini, kwa kuwa itifaki inataka mwananchi atangulie.

Siwema hakungoja aitwe. Akapanda jukwaani akachukua kipaza sauti.

"Daraja hili ni bovu," alisema. "Nimelisimamia mimi na ninajua. Mtu asipite."

Waziri akainuka taratibu, uso umejaa upendo, akaanza kupiga makofi.

"Mnaona, ndugu wananchi," alisema, "huu ndio unyenyekevu wa msomi wa kweli."

Umati ukapiga vigelegele, ngoma zikaanza, na waliokuwa nyuma wakaanza kusogea mbele. Siwema akashuka akakimbia. Alimkuta mama yake amekwisha kujitwisha tenga, amevaa kanga mpya, mguu mmoja umekanyaga daraja.

"Mama, usivuke."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Litaanguka."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Bi Mwanahawa akamtazama, akatabasamu. "Pale kwenye kibao wameandika limekaguliwa, ni imara. Nikamwomba jirani yetu Bi Tatu anisomee nani kathibitisha. Amenisomea ni wewe. Sasa nimwamini Siwema yupi?"

"Hiyo ni saini niliyoiweka Barazani nikijua ni uongo, mama. Walinitisha. Nikadhani nitaweza kurekebisha mbele ya safari."

Alikuwa amelisema. Mama yake alilishika tenga kwa mikono miwili kama anayetaka kulitua, na Siwema akaona ameaminiwa. Kisha mkono wa mama ukamgusa shavu.

"Wewe tangu mdogo ukifanya jambo jema unaogopa," alisema. "Mto huu umenichukulia mume. Nimeuvuka kwa kamba moyo uko mdomoni, nikawa naomba nisikuache yatima. Leo mwanangu kanijengea njia, halafu nikae ukingoni niangalie? Nishike mkono basi, kama unaogopa."

Siwema akaushika. Aliushika ili amvute arudi, lakini Bi Mwanahawa alikuwa amebeba mihogo maisha yake yote, na kati yao wawili yeye ndiye aliyekuwa na nguvu. Nyuma yao njia ilikuwa imekwisha kujaa watu, ngoma na kamera. Hapakuwa na pa kurudi. Wakatembea, mama akisalimia kushoto na kulia, Siwema akimlilia kwa sauti, na watu wakisema tazama binti anavyolia kwa furaha.

"Mbona mkono umeloa?" mama yake aliuliza walipofika juu ya nguzo ya katikati.

Masikio ya Siwema yalikuwa yamepona kabisa. Alisikia mchanga ukimwagika kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia.

*

Tume iliundwa. Wahandisi wote wa tume walikuwa na vyeti, na walikubaliana kwamba daraja halikuanguka, bali mto ulipokea mzigo ambao haukuuzoea. Siwema alitolewa majini amekumbatia kipande cha kanga. Bi Mwanahawa alipatikana kesho yake chini kwenye mawe, pamoja na wengine ambao majina yao hayakusomwa redioni kwa kuwa siku hiyo yalitangazwa matokeo ya darasa la saba.

Alipomaliza kuzika, Siwema alikwenda kituo cha polisi kutaka kufungwa. Alilitaka gereza kama mwenye homa anavyotaka maji. Askari wa zamu alikuwa mtu mwema, akamvutia kiti.

"Pole kwa msiba, dada. Ulichanganya ndoo ngapi?"

"Kumi na mbili."

Askari akafungua kitabu cha majibu ya taifa, akapitisha kidole mpaka la nane. "Na hapa wameandika kumi na mbili. Sasa nikuandikie kosa gani?"

"Niliua mama yangu."

"Ulipata swali," alisema askari kwa huruma. "Nenda kapumzike."

Badala ya gereza, serikali ikampa nishani, na baada ya nishani ikampa kiti. Bwana Kitwana alikuwa amestaafu, anaishi kwa amani katika nyumba yake isiyo na ufa hata mmoja, na Chuo cha Ujenzi kilihitaji Mnong'onaji. Siwema alikubali upesi, hata wakashangaa. Alikuwa na hila yake moyoni, na hakuona kwamba ni ileile ya kwanza.

Siku ya mtihani akavaa suti ya kijivu, akakaa chini ya picha ya Rais, akafungua bahasha. Maswali yalikuwa yaleyale, na karani alikuwa amenakili majibu ya mwaka ule wa keki. Akanong'ona la kwanza, la pili, akaendelea hadi la saba. Kwenye la nane akanyamaza. Kalamu zote zikasimama, nyuso zote zikamtazama, vijana watakaokwenda kujenga hospitali na shule na madaraja ya akina mama wengine.

"Mbili," akanong'ona.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Siwema akaegemea mbele kwa tumaini. Alikuwa na mengi ya kumwambia, juu ya mchanga na saruji, juu ya koti na tenga la mihogo. Alikuwa tayari kumwambia yote kwa sauti kubwa, liwalo na liwe.

"Samahani, dada," binti alisema. "Ni mbili kwa tarakimu au kwa maneno?"

"Kwa tarakimu," Siwema alijibu.

Wakaandika. Aliwatazama wakiandika mbili kwa utiifu uleule ambao wangeandikia kumi na mbili, au tisini, na wakaweka kalamu chini wakangoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Siwema akakohoa kidogo, akageuza karatasi, akaendelea na swali la tisa.